Turubai la Kando

Asubuhi ya siku ya tatu tangu tumzike mama, nilimkuta mwanamke amelala juu ya kaburi lake.

Alikuwa amelala chali, mikono chini ya kisogo, viatu kavipanga pembeni kama mgeni wa gesti. Pikipiki yake ya umeme ilikuwa imeegemezwa kwenye mninga. Mimi nilikuwa natoka kukagua mizinga, nimevaa kofia ya wavu na mkononi nimeshika bomba la moshi, kwa hiyo mtu angetuona kwa mbali angesema mzimu mmoja umelala na mwingine umekuja kuufukiza.

"Siondoki hapa mpaka nipewe asali," akasema bila kufumbua macho. "Mnyamwezi huyu kabeba mizigo ya watu maisha yake yote, leo kalala mapema ili asibebe wangu."

Kwa maneno hayo nikamjua. Alikuwa Bi Siwatu, Mzaramo wa Kisarawe, fundi wa taa za reli huko stesheni ya mjini, na mtani wa mama kwa miaka thelathini. Nilipokuwa mdogo alikuja kwetu mara nne au tano, na kila mara alimtukana mama mpaka mama akalia kwa kucheka. Kazi ya mtani msibani inajulikana. Wengine wanakuja kulia, yeye anakuja kuharibu kilio. Analala kaburini, anavaa kanga za marehemu, anaigiza alivyokuwa akitembea, na hakuna mwenye ruhusa ya kumkasirikia.

Nilipaswa kumrudishia. Mtani hajibiwi kwa kunyamaza, ni sawa na kumfungia mlango. Lakini nilikuwa sijazungumza na mtu kwa siku mbili, ukiondoa nyuki, na nyuki kila mtu anaongea mwenyewe hakuna anayesikiliza. Kilichonitoka kikawa kimoja tu.

"Umechelewa."

Akaketi. Udongo mwekundu ulikuwa umemjaa mgongoni. "Nimechelewa wapi? Nimekaa kwenye msiba wenu siku mbili nzima. Nimekutukana wewe mwenyewe, Nyamizi, uso kwa uso, mara tisa."

Nikamwambia msiba ulikuwa hapa hapa, na tulikuwa wanne: mimi, balozi wa nyumba kumi, na wachimba kaburi wawili, ambao mmoja aliondoka kabla ya sala. Sheria inaruhusu miili sita kwenye maziko. Nilibaki na nafasi mbili, nikazitazama mpaka jua likachwea.

"Na kwenye turubai?"

"Hakuja mtu."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa sauti. Lilitoka dogo kuliko nilivyolibeba.

*

Kabla ya homa, turubai lilikuwa turubai: plastiki la bluu, nguzo nne, viti vya kukodi, na watu mia tatu ambao nusu yao wamefuata wali. Homa ilipopita ikaacha sheria ya mikusanyiko, na serikali ikagawa vitambaa. Kitambaa unakifunga kati ya miti miwili uani kwako. Mgeni, popote alipo, anaandika anwani ya msiba kwenye simu yake, na papo hapo anatokea kwenye mkeka wako, amekaa, mwepesi kama moshi wa jikoni, lakini anaonekana na anasikika. Asiyejisajili haonekani sura. Anatokea kama kigoda kitupu chenye sauti. Ukipita penye msiba mkubwa unakuta watu sita wa nyama na mia mbili wa moshi, na kilio ni kimoja.

Mama alifariki Jumapili. Balozi akasajili anwani kwa jina la kitambulisho, kama sheria inavyotaka: dotokasanda, kisha nukta, kisha turubai. Tangazo nililisoma mwenyewe, sentensi kumi na mbili, redio ya wilaya ikalirusha mara tatu na anwani ikasomwa herufi kwa herufi. Nikafunga kitambaa, nikafagia, nikakaa mkekani kungoja watu. Mama huyu alitibu vifua vya nusu ya wilaya kwa asali na majani, hata waliopona wakasahau kama waliwahi kuumwa. Nikasema leo watakumbuka.

Jumatatu upepo ulikichezea kitambaa. Jumanne mbuzi wa balozi alikula pindo lake. Hao ndio waombolezaji wangu.

Nikamuuliza Bi Siwatu aliandika anwani gani.

"Kama mtu yeyote mwenye adabu. Mamamihayo."

Mihayo ni kaka yangu, mzaliwa wa kwanza. Kwa hiyo mama alikuwa Mama Mihayo kwa majirani, Mama Mihayo kanisani, Mama Mihayo kwa wateja wa asali. Miaka kumi na mmoja iliyopita Mihayo aliondoka, mimi nikiwa na miaka kumi na miwili, na bado jina likabaki lake. Niliyebaki ni mimi. Niliyempikia uji, nikamwogesha, nikambeba mgongoni kwenda chooni miguu ilipomkatalia ni mimi. Sikuwahi kusikia mtu hata mmoja akisema Mama Nyamizi, labda siku mtu alipokosea, na hakuna aliyekosea.

Redio ilisema Doto Kasanda, tena kwa kutamka herufi. Lakini nani kwetu ataandika jina tupu la mwanamke mzima aliyemzidi umri? Vidole vyenyewe vinaona haya.

Na wezi wa anwani wanalijua hilo kuliko sisi. Kifo kikishaandikwa kwenye daftari la wilaya, haipiti robo saa wameshainua maturubai ya kando kuzunguka lile la kweli. Moja herufi imedondoka, jingine herufi mbili zimepishana, jingine nukta imesogea. Hayo yanakamata wenye vidole vinene na wenye machozi machoni. Lile kubwa zaidi wanalitega penye heshima. Mwenye haraka anaweza kugundua kosa lake akajirudi. Mwenye adabu anajirudi vipi, wakati hajui kama kakosea?

Mle ndani wageni wanakaribishwa na mwenyeji wa kutengeneza. Wangu walimtengeneza kwa zile sentensi kumi na mbili za redioni na picha yangu ya daftari la wilaya. Wanachotaka wezi hao ni sauti. Mtu akiwa kwenye sherehe anajipamba, akiwa ofisini anajibana, lakini akilia msibani sauti yake inatoka yote, haijabakiza kitu. Sauti hiyo siku hizi ndiyo ufunguo wa mlango, wa kabati la dawa, wa hati ya shamba. Na nchi za mbali kuna watu wapweke wanaouziwa rafiki wa mashine wa kuwaambia pole wakirudi kazini. Ile pole lazima itoke kwa mtu.

"Ulijuaje si mimi?" nikauliza.

Bi Siwatu akajipangusa udongo. Akasema siku ya kwanza alidhani nimechoka tu. Aliniambia nimemuua mama kwa kumlisha mlenda usio na chumvi. Mwenyeji akainamisha kichwa, akajibu kwa sauti yangu: asante kwa kunifariji, Mungu akubariki. Akanitukania pua. Asante kwa kunifariji. Akanitukania ukoo mzima, wapagazi waliotembea kutoka bara hadi pwani wakasahau walichobeba. Asante kwa kunifariji.

"Mtoto wa Mama Mihayo akiniambia asante," akasema, "nyumba hiyo haina watu. Nikasema nikipata siku ya mapumziko, nikalione kaburi."

Nilicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kimeshika kutu, lakini kilikuwa changu. Nikamletea asali kwenye bakuli, akaondoka juu ya mama, nikampa shikamoo ambayo nilikuwa nimemnyima.

*

Alikula nusu ya bakuli ndipo akaniambia lililobaki.

Kila siku saa kumi jioni, wageni wanapopungua, kigoda kitupu kilitokea mbele kabisa, karibu na mwenyeji. Siku ya kwanza hakikusema kitu. Siku ya pili kikasema: Nyamizi, ni mimi niliyekuachia mama peke yako. Kikasema kiko mbali, kwenye kazi ya kuhamahama isiyo na anwani. Kikasema kilisikia tangazo kwa mtu aliyelisikia kwa mtu. Kikalia. Na mwenyeji, kwa sauti yangu, akasema: nimekusamehe kaka yangu, njoo tena kesho.

"Kasema nini?"

"Nimekusamehe."

Nikainuka, nikaenda kuangalia mzinga usiokuwa na shida yoyote.

Nikwambie jambo moja kuhusu Mihayo. Nilipokuwa na miaka sita na yeye kumi na mitatu, alinipeleka kurina asali kwa siri. Mzinga ukaanguka. Yeye akakimbia, mimi nikabaki. Mama alinitoa miiba ishirini na saba huku akihesabu, na Mihayo akiwa nyuma ya mlango anahesabu naye kwa kunong'ona. Hakuniomba msamaha siku ile wala siku nyingine. Alipoondoka kabisa nikasema ni yale yale, mzinga umeanguka, kakimbia. Miaka kumi na mmoja nilikuwa naandaa jibu la siku atakaponiomba. Nilikuwa na majibu mawili, na sikuwahi kuamua nitampa lipi. Sasa kuna kitu kilichovaa uso wangu kimeshamjibu, bila hata kuniuliza.

Niliporudi, Bi Siwatu alikuwa ameshapiga hesabu ya saa. Ameishi na treni, hawezi kukaa bila ratiba. Mwenyeji alikuwa ametangaza kuanua matanga leo, saa kumi na moja jioni. Hapo ndipo turubai la kando linakunjwa na sauti zote zinaondoka nalo, na zikishaondoka hazirudishwi. Wa kuliangusha kabla ya hapo ni Msajili wa Anwani, mjini, mwendo wa saa mbili kwa pikipiki. Lazima mfiwa afike kwa mwili wake, kwa kuwa sauti haiaminiki tena. Ofisi inafungwa saa tisa.

Mihayo anakuja saa kumi.

Nikauliza kama haiwezekani kumwachia ujumbe humo humo. Akasema ukitamka mle ndani neno uongo, au wizi, au bandia, unatolewa na hurudi tena. Utani tu ndio unaopita, kwa vile kile kitu hakiuelewi. Alijaribu kuwatania wageni wengine, awafumbue macho. Wakacheka, wakasema mtani yuko kazini. Lakini Mihayo ni mtoto wa nyumba ile, amekua na utani wake. Akimsubiri mpaka saa kumi, atamfikishia.

"Kwa hiyo chagua, mwanangu," akasema, na mara hii hakunitania. "Nikae nimngojee kaka yako, au twende mjini. Vyote viwili, treni hizo hazipishani."

*

Nilitaka kuona kwanza. Nikaingia kama mgeni, kigoda kitupu, kwa simu ya Bi Siwatu.

Nilijikuta nimekaa nyuma ya migongo ya watu. Mia mbili arobaini na watatu, namba ilikuwa imeandikwa juu. Nikamwona muuza chumvi. Nikamwona bibi wa kwaya aliyegombana na mama kuhusu kiti. Mbele yao nikajiona mimi, nimejifunga kanga nisiyoimiliki, nimenyooka, mpole, ngozi imelala vizuri. Kilinikera zaidi kuwa ni mzuri kuliko mimi.

Mwalimu Ngassa alikuwa anaongea. Alinifundisha kidato cha pili, na alimfundisha mama kabla yangu. Macho yake yamekwisha, anaishi peke yake nyuma ya shule, na mlango wake, jiko lake na sindano zake za sukari vyote vinafunguka akiviambia. Alikuwa anasimulia jinsi mama, akiwa msichana wa darasa la sita, alivyoleta mzinga mdogo shuleni kwenye begi, na alivyosema ni kazi ya nyumbani. Hadithi hiyo sikuwahi kuisikia. Alilia katikati yake, kilio cha mzee, kisichojali kinavyosikika.

Watu walisema pole. Mmoja baada ya mwingine. Pole Nyamizi, pole mwanetu, umemtunza mama, tunajua. Zilikuwa pole zangu zote, zile nilizozingoja mkekani siku mbili nikitazama mbuzi akila pindo. Nilikaa nazisikiliza. Sijui ni kwa muda gani. Bi Siwatu anasema nusu saa. Nilikuwa kama mtu aliyekuta karamu yake imewekwa nyumba ya jirani, anakula dirishani kwa pua.

Nilijua vilevile kwamba likiangushwa turubai hili hakuna kitakachobaki. Zitaungua pole zote na hadithi ya mzinga kwenye begi, na kigoda cha saa kumi kitakuja kukuta hakuna mkeka. Nikisubiri hadi saa kumi nitampata kaka. Na saa kumi na moja Mwalimu Ngassa atauzwa, na popote duniani mtu ataweza kuuambia mlango wake ufunguke. Yeye atakuwa ndani hajui, anatafuta sindano kwa kupapasa.

Mwenyeji akamjibu mwalimu: asante kwa kunifariji, Mungu akubariki.

Nikasema, jamani, huyu si mimi. Nikasema ni uongo.

Nikajikuta uani kwetu, simu imezima mkononi, nyuki wanapita.

"Washa pikipiki," nikamwambia Bi Siwatu.

*

Karani wa Msajili alikuwa kijana wa rika langu mwenye tai fupi. Alinitazama, akatazama kitambulisho, akanigusa bega kwa kidole kuhakikisha mimi ni wa nyama. Ndiyo utaratibu. Akaniuliza maswali ya mama. Alipouliza jina kamili la marehemu nikasema Mama Mihayo, akainua uso, nikajirudi. Hata mimi. Tena bila kufikiri.

Nikamwomba, kabla hajaliangusha, kama anaweza kunitolea sauti moja tu, ya saa kumi ya jana.

"Hatufungui, dada," akasema. "Tukifungua na sisi tutakuwa tumesikiliza."

Nilitaka kumchukia lakini alikuwa sahihi, na watu sahihi wananichosha sana. Saa nane na nusu akabonyeza. Hakukuwa na kishindo. Namba mia mbili arobaini na tatu ikawa sifuri, kama mtu aliyepuliza kibatari.

Kisha akanieleza kuhusu pazia. Anwani ikiangushwa, anayekuja anakuta pazia la kijivu kwa siku saba. Juu yake mfiwa anaruhusiwa sentensi moja. Hairuhusiwi jina la mtu wala anwani, maana wezi walikuwa wanaangusha maturubai ya kweli na kuandika watu waelekee kwao. Sentensi moja, ya watu wote.

Bi Siwatu akapendekeza matusi matatu mazuri sana. Karani akayakataa yote, ingawa moja aliliandika pembeni kwa matumizi yake.

Nilikaa kwenye benchi la ofisi hiyo mpaka saa tisa kasoro dakika tano. Nilimwandikia Mihayo sentensi ndefu kichwani, za kumtukana, za kumbembeleza, nikazifuta. Mwishowe nikampa karani hii:

*Mama hakuzaliwa akiwa mama wa mtu, kwa hiyo kumbuka aliitwa nani alipokuwa msichana, umtafute kwa jina hilo.*

Akaisoma mara mbili. Akaipitisha. Alipokuwa anafunga dirisha nilimwona ametulia, midomo inacheza, na nadhani alikuwa anatafuta la mama yake.

*

Saa kumi ilitukuta njiani. Nilimwomba Bi Siwatu asimame. Tulisimama kando ya barabara ya vumbi, kama watu wanaopisha jeneza. Huko mbali kigoda kilikuwa kinagonga pazia.

Usiku huo hakulala kwetu, alikuwa na zamu alfajiri. Aliondoka na kanga moja ya mama, ya haki yake, ameivaa kichwani vibaya kwa makusudi.

Mwalimu Ngassa ndiye aliyetangulia kufika. Alitokea kwenye mkeka wangu kesho yake asubuhi, ameelekea upande usio na mtu, akaita kama anavyoita darasani: "Doto Kasanda." Alikuwa nalo kwenye daftari la mahudhurio la miaka arobaini iliyopita, akalikumbuka kwa mpangilio wa alfabeti. Nikaitika mimi: yupo mwalimu. Nikamwomba aisimulie tena ile ya mzinga kwenye begi. Haikuwa nzuri kama ya kwanza. Safari hii hakulia, na alisahau sehemu ya kazi ya nyumbani, nikamkumbusha, akashangaa nimejuaje.

Wengine walikuja kwa kudondoka. Muuza chumvi alikuwa amemuuliza mkewe, mkewe akamuuliza shangazi yake. Bibi wa kwaya alikuja akinuna, akasema alilijua jina siku zote ila hakutaka kulitumia. Hadi siku ya tano walifika thelathini na mmoja. Waliobaki, mia mbili na zaidi, nadhani walisimama mbele ya pazia wakagundua hawakuwahi kumjua mtu waliyekuwa wanamlilia, na wakaona aibu kuuliza.

Saa kumi nilikuwa nakaa. Kila siku. Nilimaliza mizinga mapema, nikanawa, nikakaa mkekani karibu na kitambaa kilicholiwa pindo. Ukikaa hivyo unajifunza mambo ya kijinga. Nilijifunza kwamba kivuli cha mninga kinafika kwenye kaburi saa kumi na dakika ishirini. Nilijifunza kwamba yale majibu mawili niliyokuwa nimeyatunza miaka kumi na mmoja yalikuwa yameishiwa nguvu yote mawili, kama dawa iliyopitisha tarehe. Nilimtania mbuzi wa balozi. Hakunirudishia, nikaanza kumshuku.

Siku ya sita, saa kumi na dakika kumi, kigoda kitupu kilitokea pembeni kabisa mwa mkeka, karibu na nje, mahali anapokaa mtu anayetaka kuondoka haraka.

Kilikaa kimya.

Sikuwa na njia ya kujua ni nani. Kingeweza kuwa jicho la wezi waliokuja kuchungulia aliyewaangushia turubai. Kingeweza kuwa mtu aliyepotea njia akielekea msiba mwingine. Ningesema karibu, kingesema asante, na ningebaki pale pale nilipo. Pole inatengenezeka. Msamaha unatengenezeka, nimeuona kwa macho yangu ukitolewa kwa uso wangu.

Nikakitazama hicho kigoda, nikasema kama mtu anayeongea na upepo:

"Wewe uliyekaa mlangoni. Mzinga haujaanguka bado, mbona umeshajiandaa kukimbia?"

Kivuli cha mninga kikasogea. Nilihesabu pumzi zangu mpaka ishirini na saba, sikukusudia, hesabu ndiyo iliyoishia hapo.

Kisha sauti ikatoka, nene kuliko nilivyoiacha, imejaa vumbi la mahali nisipopajua.

"Ulikuwa mnene," ikasema. "Nilijua nyuki watashibia kwako, hawatanifuata."

Nikafuta uso kwa kanga, na yeye, kule alipo, nadhani alikuwa anafanya hivyo hivyo, maana sauti ilipotoka tena ilikuwa ndogo kabisa.

"Siku sita, Nyamizi. Siku sita nimezunguka nikiuliza watu jina la mama yangu."

Nikavuta mkeka, nikausogeza mpaka kile kigoda kikawa katikati.

"Kaa vizuri," nikamwambia. "Sijakusamehe. Anza kuomba."